Kalibu ya Chuma ya Arlys Tveit

Jumamosi ya kwanza ya Juni, katika jiko la ukumbi wa kanisa pale Skarvold, kuna mahali pasiposimama mtu. Ni kule kushoto, kati ya dirisha na lile bapa kubwa la chuma la kuchomea mikate ya lefse. Wanawake hupita na mabirika ya kahawa, wakapazunguka bila kujua kwamba wanapazunguka, kama watu wapitavyo kando ya kiti ambacho mwenyewe ametoka kidogo tu. Msumari wa pale ukutani hauna aproni. Na asubuhi hiyo haipiti bila mmoja wao kusahau, akaita pasipo kugeuka, "Arlys, leta vikombe!" Halafu Hjordis Ness, aliyekuwemo jikoni humo tangu alipokuwa na meno yake yote, husema, "Paza sauti zaidi. Labda upepo utampelekea."

Arlys Tveit hajafa. Ni mzima, na goti lake linamsumbua kama la mtu yeyote wa umri wake. Ila hayumo jikoni, na kwa watu wa Skarvold, kule kaskazini ya jimbo la Montana, Marekani, ambako ngano na upepo ndivyo vinavyoamua mambo yote, hilo lilikuwa gumu kuzoea kuliko msiba.

Alizaliwa katika nyumba ya kando ya reli, baba yake akiwa mlinzi wa ghala la nafaka. Akaolewa na Delmar Tveit, mkulima mrefu asiye na maneno, akahamia shamba la kilima cha pili, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake akaendesha basi la shule. Watoto wa wilaya nzima walikua wakiyajua macho yake ndani ya kile kioo cha juu ya dereva. Kwenye theluji ya Januari, barabara na shamba vikiwa kitu kimoja cheupe, aliifuata njia kwa kukumbuka tu nguzo za uzio zilipokuwa. Hakuwahi kulitumbukiza basi mtaroni. Aliposifiwa alisema, "Basi lenyewe linajua kwao."

Jumamosi za shabaha, alikuwa jikoni. Wanaume, na siku za karibuni wanawake kadhaa, walilala kifudifudi juu ya magunia nyuma ya ukumbi, wakipiga mabamba ya chuma yaliyosimamishwa mbali sana, mbali kiasi kwamba mtu alipiga, akapumua, akafikiri jambo, ndipo mlio wa bamba ukamrudia. Bunduki zao zilikuwa za zamani, za kutia risasi moja moja. Jikoni, Arlys alizitambua zote kwa sauti. Ya Wendell, nduguye Delmar, ilibweka. Ya mwalimu mstaafu ilikohoa. Ya Delmar ilikuwa nzito na ya chini, kama mlango wa ghala unaofungwa na mtu asiye na haraka. Kila iliposikika Arlys alisema, "Huyo wangu," akageuza mkate.

Delmar alifariki wakati wa mavuno, juu ya trekta lililozimwa vizuri na kuegeshwa, kana kwamba hata kufa alikufanya baada ya kumaliza mstari. Na hapo ndipo desturi ya kiwanja ilipomfikia mkewe.

Pale Skarvold hapigi mtu kwa risasi za dukani. Madini ya risasi zilizokwisha kupigwa huchimbwa kila vuli kutoka katika tuta la udongo nyuma ya mabamba, yakagawanywa, na kila mtu akaenda kwake kuyayeyusha na kuzimimina risasi zake mwenyewe ndani ya kalibu, chombo cha kuzipa umbo. Madini yaleyale yamekuwa yakienda na kurudi tangu enzi za babu zao. Hakuna ajuaye ni kipande gani kilirushwa na marehemu yupi. Na kila mwenye nafasi katika mstari wa kupigia ana ubao wenye jina la nyumba yake. Akifa, ubao unageuzwa uso chini hadi siku ya shabaha ya Juni inayofuata. Siku hiyo, mtu wa nyumba yake akija akapiga kwa risasi alizozimimina kwa mkono wake, ubao unageuzwa tena, na nafasi inabaki ya nyumba ile. Asipokuja mtu, ubao unang'olewa, na aliye mbele katika foleni anapachika wake.

Delmar na Arlys walikuwa na binti mmoja tu, naye yuko mjini Spokane, nesi, hapendi hata mlio wa fataki. Kwa hiyo wote walidhani ubao wa nafasi ya saba utang'olewa. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Walisema kama watu wasemavyo kwamba mvua itakata.

Arlys hakuwaza ushindi. Kupiga hakukumtisha; mwanamke wa shamba amekwisha kuwapiga mbweha wengi wa mabanda ya kuku, na Jumapili tulivu Delmar alimpa bunduki ile kubwa mara moja moja, wakacheka bega lake likiwa jekundu. Alichokitaka ni kitu kimoja: ubao ule using'olewe. Kaburi, alisema moyoni, linaonyesha tu mahali alipolala. Ubao ule unaonyesha mahali aliposimama.

Tatizo lilikuwa kumimina. Banda la kumiminia lilikuwa la Delmar kama jiko lilivyokuwa la Arlys. Alikuwa na sheria zake, kwa kuwa madini yale ni sumu: shati la kazi halitoki bandani, mikono inaoshwa kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa kitasa cha mlango wa nyumba, na hakuna chombo kinachovuka ua kutoka jikoni kuja bandani kikarudi. "Sufuria ikishaonja madini haya," alisema, "imeolewa. Hairudi kwao." Basi Arlys aliijua kazi ile kwa harufu tu: nta iliyoungua, na chuma cha moto, katika nywele za mumewe.

Machi, theluji ikiwa imeanza kugeuka tope, Wendell Tveit, aliyekwisha kuambiwa nia yake, aliingia uani na pikapu lake. Alikuwa mfupi kuliko marehemu na mwenye maneno kwa niaba ya wote wawili.

"Shemeji, hodi! Weka chini mwiko kabla sijashuka."

"Shuka tu. Leo nimebeba koleo."

Nyuma ya pikapu, chini ya turubai, kulikuwa na jungu la umeme la kuyeyushia madini, jipya, linang'aa, lenye kipimo cha joto na koki ndogo chini yake. Wendell alilibeba hadi bandani kama mtu abebaye mtoto wa ubatizo, akaliweka juu ya meza.

"Hili ndilo. Unachomeka kwenye umeme, unasubiri, unaweka kalibu chini ya koki, unainua mkono huu, chwaa! Hakuna kuchota, hakuna kumwaga. Hata wewe utaweza."

"Hata mimi."

"Usinune, shemeji. Nakusifu."

Arlys alilizunguka. Koki ilikuwa na tone moja la madini lililoganda mdomoni, kama pua ya mtoto. "Na hii inayovuja?"

"Zote zinavuja kidogo. Unazoea."

"Nimeendesha basi la serikali. Vitu vinavyovuja nimevizoea vya kutosha." Akageukia upande wa pili wa meza, penye vitu vya Delmar: jiko la gesi la kichomeo kimoja, chungu kizito cha chuma kilichokuwa cheusi tangu zamani, upawa wenye mdomo upande mmoja, na kalibu ya chuma ya risasi moja, fupi, nene, yenye mishikio ya mbao iliyolainishwa na kiganja cha mtu mmoja. Juu ya rafu kulikuwa na kalibu nyingine, ya alumini, nyepesi, ya risasi mbili kwa mara moja. Delmar aliinunua siku fulani na hakuitumia.

"Chukua basi ile nyepesi," Wendell alisema. "Kifundo chako kile cha mkono kilichoteguka barafuni kitalia na hiyo ya chuma. Inakataa kupata moto, inakataa kupoa. Kama kaka yangu."

Arlys aliinua moja, akaiweka, akainua ya pili. Ya alumini ilikuwa haina uzito mkononi. Ilimwogofya kidogo, kama mkono wa mtu mwenye adabu mno. Ile ya chuma ilimvuta kifundo, ikauma, lakini alijua iko wapi.

"Nitachukua hii," akasema. "Na chungu, na upawa."

Wendell alicheka, akavua kofia, akaivaa tena. "Mchagua jembe si mkulima, shemeji. Umesimama hapa unapima pima kama unanunua farasi."

"Na asiyechagua jembe hulima kwa la jirani, akaambiwa kila siku alirudishe. Chukua jungu lako."

"Naliacha hapahapa. Chini ya turubai. Litakuwa linakungojea, na mimi nitakuwa naingoja simu yako. Juni haiko mbali, na mkwe wangu ndiye wa mbele katika foleni, sikufichi. Lakini Mungu ni shahidi, afadhali upige wewe. Mkwe wangu hupiga huku anatafuna."

Siku ya kwanza ya jua, Arlys alivaa shati la Delmar lililokuwa bandani, miwani ya kazi, na glovu ndefu za ngozi, akafungua mlango na madirisha yote ili upepo upite. Kalibu ilikuwa imekaa msimu mzima bila mtu. Ilipofunguliwa, ndani ya nusu zake mbili kulikuwa na vumbi jekundu la kutu. Aliihurumia. Alijua la kufanya. Mama yake alimfundisha kabla hajajua kusoma. Chuma kisicho na mafuta hulia. Akaipangusa kutu kwa sufi laini ya chuma, akaipasha, akachukua mafuta ya nguruwe kwa kitambaa, akaipaka ndani na nje taratibu, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, akiipasha katikati, mpaka ikawa nyeusi inayong'aa kama vile vikaango vilivyopangwa jikoni kwake, ambavyo yai lilikuwa likiteleza ndani yake kama mtoto kwenye barafu. Alipomaliza aliitazama, akaona fahari. Jambo la kwanza la upendo alilolifanya ndani ya banda lile.

Halafu akayeyusha. Alijua kwamba tone moja la maji likiingia ndani ya madini yaliyoyeyuka hulipuka likakurushia moto usoni, kwa hiyo alikausha kila mkuo, yaani kipande cha madini, juu ya jiko kabla ya kuutumbukiza. Mikuo ililegea, ikainama, ikawa ziwa dogo la fedha. Akatia kipande cha nta. Moshi ukapanda, na harufu ile ya nywele za Delmar ikajaa banda zima. Alisimama kidogo akishika meza. Kisha akakoroga, akaondoa takataka juu, akachota, akamimina.

Risasi iliyotoka ilikuwa na makunyanzi. Ilikuwa kama uso wa mzee aliyelala vibaya. Mikunjo mduara, kitako kimelika pembeni, kama nta iliyomwagwa juu ya maji. Akairudisha chunguni. Ya pili, makunyanzi. Akaongeza moto. Makunyanzi. Akaongeza kipande cha bati kama alivyowahi kumsikia Delmar akisema mezani. Makunyanzi yanayong'aa zaidi. Kifundo kilimuuma hadi kwenye kiwiko, na jioni alipoketi nyumbani hakuweza kushika kisu cha siagi.

Hivyo zikapita wiki za Aprili. Matope yalikauka, bata walirudi, jirani akaanza kupanda. Kila palipokuwa na nafasi Arlys aliingia bandani, na kila alipotoka alikuwa amezirudisha risasi zote chunguni. Na kila mara, kabla ya kufunga mlango, aliipaka kalibu mafuta upya, isije ikashika kutu. Aliona aibu. Mwanamke aliyeijua barabara chini ya theluji hakuweza kulijaza tundu dogo kuliko kidole gumba.

Mwishowe alimpigia Wendell.

Alikuja mbio, na kwa heshima yake hakucheka, hata alipoziona risasi za asubuhi hiyo zilizopangwa mezani kama baraza la wazee. "Madini yako yamepoa," alisema. "Upawa huo ndio mchawi. Unachota, yanapoa njiani."

Akalifunua jungu lake, wakalichomeka, wakasubiri. Arlys aliiweka kalibu chini ya koki, Wendell akainua mkono, chwaa. Wakaifungua.

Makunyanzi.

Wendell aliitazama risasi ile kama mtu aliyetukanwa na mbwa wake mwenyewe. Akajaribu tena. Akajaribu tena. Akakuna kichwa. "Umeisafisha hii kalibu?"

"Nimeitunza kuliko wewe unavyomtunza mkeo. Nimeitendea kama kikaango changu kizuri."

"Basi si uchafu," alisema Wendell, ambaye katika maisha yake yote hajawahi kuosha kikaango, na aliamini, kama wanaume wengi wa mahali pale, kwamba vikaango huzaliwa vimekwisha kuwa vyeusi. "Shemeji, nitakuambia kweli. Imezeeka. Delmar ameiua kwa kazi. Chuma nacho huchoka."

Arlys aliifuta kalibu kwa kitambaa, akaiweka mezani.

"Ile ya alumini je?"

"Nimekwisha kuipima. Risasi zake ni nyembamba kuliko tundu la bunduki yetu. Ndiyo maana hakuitumia."

"Basi tuagize ya chuma mpya. Ila hao wanaozitengeneza…" Akahesabu kwa macho wiki zilizobaki, akaacha. "Haitawahi Juni."

Wendell akamshika bega, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mazishini. "Kaka asingekulaumu."

"Najua asingenilaumu," alisema Arlys. "Hilo ndilo linaloniudhi. Hakuwahi."

Wiki ya mwisho ya Mei, wanawake walikusanyika ukumbini kuandaa chakula cha siku ya shabaha. Arlys alikwenda kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Alivaa aproni yake, akasimama mahali pake, akashika ule ubao mrefu mwembamba wa kugeuzia. Lefse ni mkate wa viazi, ndugu wa chapati, ila mwembamba kiasi kwamba ukiuinua unaona dirisha upande wa pili. Yeye na Hjordis walisukuma. Kijana mmoja, Kaylene, mke mpya wa mjukuu wa mwalimu, aliyekuja kutoka Texas na kucheka kwake kote, alipewa bapa la pili achome.

Kaylene alitaka kusaidia. Akachukua kipande cha siagi, akakizungusha juu ya bapa mpaka likang'aa.

"Yesu na Maria!" Hjordis alipiga kelele, ijapokuwa ni Mlutheri wa kizazi cha nne. "Mtoto, unafanya nini?"

"Natia mafuta kidogo, bibi. Isishike."

"Isishike! Ndiyo *ishike*! Hili bapa halijaona mafuta tangu lilipotoka kiwandani. Tazama sasa!"

Mkate ulikuwa umekwisha kutua. Badala ya kulala ukatulia juu ya chuma, uliteleza, ukajikunja, ukajivuta kutoka pembeni kwenda katikati. Makunyanzi yakatokea, mduara ndani ya mduara, na ukingo ukaliwa.

"Unaona? Unakikimbia chuma. Ukitia mafuta, mkate haugusi chuma. Unaelea tu juu ya mafuta unalialia. Kikaango cha mayai kina mafuta, mwanangu. Bapa la lefse ni kavu kama hotuba ya mchungaji. Kavu, na moto!"

"Samahani, bibi."

"Usiombe msamaha, osha. Kwa sabuni, kwa maji ya moto, usugue mpaka lilie. Na lefse mbili tatu za kwanza utamtupia mbwa, halafu ndipo… Arlys? Arlys, mbona unacheka?"

Arlys alikuwa ameinama juu ya ule mkate. Alipitisha kidole karibu na mikunjo ile, bila kugusa, mmoja baada ya mwingine. Aliijua. Alikuwa ameitazama mwezi mzima. Akaanza kucheka polepole, kwa chini, kisha akashindwa kujizuia, machozi yakamtoka, akajifuta kwa aproni, unga ukambaki shavuni.

"Wiki zote hizi," alisema. "Wiki zote hizi nimekuwa nikiipaka siagi."

"Nini?"

"Kalibu ya Delmar. Nimeifanya kikaango cha mayai, nayo ni bapa la lefse." Akamshika Kaylene uso kwa mikono yake miwili yenye unga. "Mwanangu, Mungu akubariki na siagi yako." Akatoka. Waliona kupitia dirishani lori lake likiruka matuta ya njia, na aproni bado kiunoni.

"Huko kwenu Texas," Hjordis alimwambia Kaylene baada ya kitambo, "wajane wote huwa hivi?"

Bandani, Arlys aliisugua kalibu kwa mswaki wa zamani na sabuni katika ndoo ya maji ya moto. Akaisuuza, akaisugua tena, akaipitishia spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Ilimwuma kidogo kuona weusi ule wote ukienda, tabaka juu ya tabaka, uangalifu wake wote. Lakini chini yake chuma kilikuwa cha kijivu, wazi, kikavu, kama alivyokiacha Delmar. Akaiweka ukingoni mwa jiko, akaiacha ikauke hata zaidi ya kukauka, kwa kuwa maji na madini havipatani kamwe.

Kisha akalishughulikia jambo la kifundo. Hili halikuwamo katika vitu vya Delmar, kwa maana Delmar alikuwa na kifundo cha ng'ombe. Arlys alitoka nje, akachukua kipande cha nguzo ya uzio iliyong'olewa, akakikata kufikia kimo cha kiwiko chake, akakisimamisha kando ya jiko na kupigilia bati juu. Sasa kalibu ilikuwa na mahali pa kupumzika wakati wa kumimina. Mkono wa kushoto uliishika tu isianguke. Nguzo ilibeba uzito. Alikitazama kile kinguzo akaona kwamba ni chombo cha kwanza bandani humo kilichokuwa chake.

Zile za kwanza zilitoka na mikunjo midogo, kwa sababu kalibu ilikuwa haijapata moto. Hakushtuka. "Za mbwa," alisema kwa sauti, akazirudisha chunguni. Akaendelea, bila haraka na bila kusimama, kwani bapa la lefse nalo hulipi nafasi ya kupoa: chota, mimina, subiri uso ugande, gonga, fungua. Mikunjo ikapungua. Ikabaki mmoja, karibu na ncha. Kisha akafungua kalibu, na risasi ikaanguka juu ya taulo laini pasipo alama yoyote, ndefu, nzito, mifereji yake imechongoka, kitako kimejaa pembe zote. Haikung'aa sana. Ilikuwa na weupe wa baridi ya alfajiri juu ya nyasi.

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaitazama mpaka ikapoa. Nje, jua lilikuwa bado juu sana. Hakulia. Aliinuka akachota tena.

Siku ya shabaha ilikuja na upepo wa magharibi. Watu walikuwa wamekwisha kulala juu ya magunia yao Arlys alipotembea kando ya mstari na ile bunduki kubwa begani na kikopo cha bati mkononi. Mazungumzo yalikatika moja baada ya jingine, kama taa za nyumba za shamba. Kwa desturi, risasi za mgeni hukaguliwa na wawili. Mwalimu mstaafu aliitoa moja, akaizungusha, akampa Wendell.

Wendell aliigeuza juu chini. Akaivalia miwani. "Jungu langu halijaguswa," alisema taratibu. "Turubai lina kinyesi cha mbayuwayu juu yake. Umemimina kwa upawa?"

"Kwa upawa."

"Kwa kalibu ileile? Iliyokufa?"

"Haikufa, shemeji. Nilikuwa nimeilisha kupita kiasi."

"Sielewi."

"Njoo siku moja nikufundishe kuosha kikaango, utaelewa."

Mstari mzima ulicheka, na Wendell akacheka kuwapita. Akainama yeye mwenyewe kwenye nafasi ya saba, akaushika ubao uliolala uso chini msimu mzima. Akamtazama Arlys. "Kwanza upige," alisema. "Sheria ni sheria. Kaka angenirukia."

Arlys alilala. Magunia yalikuwa na bonde dogo pale kiwiko cha mtu mwingine kilipokaa miaka mingi. Kiwiko chake hakikuenea, akasogea kidogo pembeni, akatafuta mahali pake. Bamba lilikuwa mbali, doa jeusi katika nyasi zinazoinama. Alisikiliza upepo. Alifikiria barabara chini ya theluji, na nguzo za uzio ambazo huzioni lakini unajua zipo.

Jikoni, Hjordis alikuwa na mkate nusu angani juu ya ubao wa kugeuzia. Mlango wa ghala ulifungwa, bila haraka. Wanawake wote waliacha walichokuwa wakifanya. Kisha kutoka mbali, ukichelewa, mdogo kama kijiko kinachogusa kikombe katika nyumba ya jirani, ukaja mlio wa bamba.

"Huyo wetu," alisema Hjordis, akaugeuza mkate.

Arlys hakushinda siku ile, wala mwaka uliofuata. Alipiga nje zaidi ya alivyopiga ndani, na bega likawa jekundu, na jioni mkwe wa Wendell alimletea kipande cha pai huku akitafuna chake. Siku hizi kuna wanaomwendea bandani kuuliza wanunue kitu gani, jungu la umeme au chungu, alumini au chuma. Huwaambia kwanza wanyooshe mkono, anaushika kifundo, anauliza wamewahi kuuvunja. Huwauliza pia kwao mwoshaji wa vyombo ni nani. Jungu la Wendell lilirudi kwake mwishowe, naye analitumia, na linavuja.

Ubao wa nafasi ya saba umegeuzwa uso juu. Arlys Tveit yuko hapo kila Jumamosi ya shabaha, kati ya Wendell na mwalimu mstaafu, naye huletewa kahawa yake.